Kiingereza kilipoteza "nyinyi", ndo maana kila mji una ya kwake

Kuna swali naulizwa sana na wanaojifunza Kiingereza, hata na wale waliomaliza shule zamani: "nyinyi" kwa Kiingereza inasemwaje? Maana darasani tuliambiwa ni "you", alafu "wewe" nayo ni "you", sasa mtu anajiuliza nikiingia chumba chenye watu sita nikasema "you" watajuaje kama namsemesha mmoja au wote. Swali la maana kabisa hilo. Mimi kazi yangu ni lahaja za Kiingereza, nafundisha isimu na nafanya ukalimani pembeni, na naweza kuwaambia kwamba wenye lugha wenyewe limewasumbua kwa zaidi ya miaka mia tatu, na majibu waliyojipa yanatofautiana mji hadi mji, kiasi kwamba mtu akifungua mdomo kuwaita wenzake watatu unaweza kukisia alikolelewa, na wakati mwingine hata mababu zake walipanda meli kutoka wapi.

Sisi hatuna shida hiyo. Umekula, mmekula, kasauti kamoja tu kamebadilika na kila mtu ameelewa. Njoo, njooni. Karibu, karibuni. Hata shikamoo watu wanaibandika -ni, ukiingia sebuleni ukakuta wazee wamejaa unasema shikamooni na mambo yameisha. Kwetu idadi ya unaoongea nao imo kwenye kitenzi, kwenye salamu, kwenye kuaga, huwezi kuikwepa hata ukitaka.

Na Kiingereza zamani kilikuwa hivyohivyo. Walikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa wengi, na hizo zikiwa upande wa mtendwa zinageuka "thee" na "you", kwa hiyo hii "you" tunayoijua leo asili yake ni ya wingi, tena ni ile ya "nimewaona", sio ya "mmeniona". Kilichotokea ni kwamba baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikawa ndo lugha ya wakubwa, na Wafaransa wana tabia ya kumwita mkubwa mmoja kwa wingi kama heshima, ile "vous" yao. Kuanzia miaka ya 1200 huko Waingereza nao wakaiga. Kwanza mfalme, alafu bwana mwenye ardhi, alafu baba, alafu mtu yeyote usiyemjua vizuri, na kadiri heshima ilivyosambaa ndivyo "thou" ilivyozidi kuwa neno la kumwambia mtoto, mtumishi, au mtu unayemdharau. Mwaka 1603 Walter Raleigh alipopandishwa kizimbani kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimfokea mahakamani "I thou thee, thou traitor", nakuita thou, we msaliti, yaani "thou" keshaigeuza kitenzi cha kumdhalilisha mtu. Lugha ikifika hapo nani tena atathubutu kuitumia kwa jirani yake? Kufikia mwisho wa miaka ya 1600 mazungumzo ya kawaida ya mjini London yalikuwa yameshaiacha, ikabaki kwenye sala, kwenye mashairi na vijijini kaskazini, kule Yorkshire mpaka leo utawakuta wazee wanasema "tha".

Walioikataa hiyo hali waziwazi ni Wakweka, kikundi cha Kikristo cha Uingereza. George Fox na wenzake walishikilia kwamba mtu mmoja ni mmoja hata awe hakimu, kwa hiyo wakawa wanamwita kila mtu "thee" na "thou", na walipigwa na kufungwa, na hiyo lugha yao ilikuwa moja ya mambo yaliyowaudhi wakubwa. Mwaka 1660 walitoa kitabu kizima cha kutetea umoja na wingi, wakileta mifano ya lugha nyingi kuonyesha kwamba Kiingereza kinapotoka. Kitabu cha sarufi kilichoandikwa na watu waliokuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya nafsi ya pili, mimi huwa siachi kuwasimulia wanafunzi wangu.

Kama unataka kuona kwa macho yako kilichopotea, chukua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yohana sura ya 3 mstari wa 7, Yesu anaongea na Nikodemo usiku: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Angalia, anaanza na "thee", mmoja, anamaliza na "Ye", wengi. Yaani anamwambia Nikodemo jambo linalowahusu watu wote, sio yeye peke yake. Fungua Biblia yetu ya Kiswahili utakuta "usistaajabu", alafu mbele yake "hamna budi". Imo yote, u- na m-, mtoto wa Sunday school anaisikia bila kufundishwa. Sasa fungua tafsiri ya Kiingereza cha leo, ni "you" huku na "you" huku, na baadhi ya matoleo imebidi yaweke tanbihi chini kabisa ya ukurasa kueleza kwamba hiyo ya pili ni wingi.

Basi, "you" ikabaki peke yake inabeba mizigo miwili. Na wasemaji hawakukubali. Wataalamu wa sarufi walikubali, shule zilikubali, ila watu wa kawaida kila mahali walianza kujitengenezea wingi wao, na hapa ndo raha ya kazi yangu ilipo.

Anza na Ireland. Lugha ya Kiairishi ina "tú" kwa mmoja na "sibh" kwa wengi, hakuna mchezo wa heshima hapo, ni idadi tu kama kwetu. Sasa watu wa namna hiyo walipohamia kwenye Kiingereza, miaka ya 1600 mpaka 1800, walikutana na lugha yenye shimo. Wakaliziba. Upande wa magharibi na kusini, Cork, Galway na kwingineko, walishika ile "ye" ya zamani na hadi leo wanaitumia mchana kweupe, kijana wa Galway anakuuliza "are ye coming?" na hajui kwamba kwa Mwingereza hilo ni neno la kanisani. Upande wa Dublin na kaskazini wakachukua "you" wakaiwekea s ya wingi kama neno lingine lolote: "youse". Mimi naipenda sana "youse" nasema wazi, kwa sababu inafuata kanuni ya Kiingereza chenyewe neno kwa neno, cat cats, book books, you youse, hakuna cha ajabu hapo. Lakini ndo neno lililochapiwa watoto fimbo na kuandikiwa alama nyekundu kuliko mengine yote niliyoyataja kwenye makala hii, na sababu haina uhusiano na sarufi, ni kwamba waliolisema walikuwa maskini na walikuwa Waairishi.

Alafu ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilioza mashambani, karibu watu milioni moja wakafa na zaidi ya milioni moja wakaondoka. Waliposhusha mizigo yao ndipo "youse" ilipo leo: Liverpool, Glasgow, New York, Boston, Philadelphia, na Australia pia. Ukiweka ramani ya bandari walizoshukia na ramani ya neno hilo zinakaribia kulaliana.

Kuna wengine walitoka kaskazini mwa Ireland mapema zaidi, miaka ya 1700, hawa asili yao ni Waskoti waliopelekwa Ulster alafu wakavuka bahari kwenda Pennsylvania na kushuka na milima ya Appalachia. Kiskoti "one" ni "yin", kwa hiyo "you ones" kwao ikawa kitu kama "you yins", ikakatwakatwa mpaka ikawa "yinz". Neno hili linaishi mji mmoja tu mkubwa, Pittsburgh na vitongoji vyake, ukitoka ukaingia milimani unakuta ndugu yake "you'uns". Barbara Johnstone, mwanaisimu aliyefundisha pale pale Pittsburgh chuo cha Carnegie Mellon, ameandika vizuri sana jinsi "yinz" ilivyobadilika maana. Zamani ilikuwa ni lugha ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma na wala hawakujua kama ni kitu cha pekee. Miaka ya 1980 viwanda vikafungwa, watu wakatawanyika Marekani nzima kutafuta kazi, na kule ugenini ndo wakagundua kwamba wanaongea tofauti na wengine, wakaanza kulikumbatia. Siku hizi limeandikwa kwenye fulana na vikombe, na mtu wa Pittsburgh anaitwa "yinzer" na anatembea kifua mbele. Neno la kuaibikia limekuwa kitambulisho, tena wakati wenyewe wanaolisema kila siku wanazidi kupungua.

Sasa "y'all". Hii ndo tajiri kuliko zote na ndo inayoeleweka vibaya zaidi. Ni "you" na "all" zimeshikana, nyumbani kwake ni kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia mpaka Texas, Wazungu na Weusi wote wanaitumia. Wengi wanadhani ni ufupisho wa kivivu tu, lakini ukiiangalia kwa karibu ina sarufi yake kamili. Inamiliki: "y'all's house", nyumba yenu. Inabeba vitenzi: "y'all're", "y'all'll". Na ina ngazi mbili, hii ndo inayonifurahisha, kuna "y'all" na kuna "all y'all". Bosi akisema "y'all need to stay late" inaweza kuwa kikundi tu kilichopo mbele yake, akisema "all y'all" hapo hakuna wa kutoroka, kila mmoja mpaka yule aliyejificha nyuma ya mlango. Sisi tuna "nyinyi" na "nyinyi nyote", hesabu ni ileile.

Kuna ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja baina ya wasomi: je, mtu wa kusini anaweza kumwambia mtu mmoja "y'all"? Wenyeji wanaapa kwamba haiwezekani. Wageni wanaapa wamesikia kwa masikio yao, wameingia dukani peke yao na muuzaji akawaaga "y'all come back". Watafiti Jan Tillery na Guy Bailey walipochunguza Oklahoma miaka ya 1990 walikuta wapo wanaokiri kuitumia kwa mtu mmoja. Mimi nadhani msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa kwenye mjadala huu kuliko profesa wa Harvard, kwa sababu sisi tunalifanya hili kila asubuhi. Unakutana na jirani yako njiani, yuko peke yake na ndoo yake ya maji, unamwambia "mmeamkaje?" Yuko mmoja, umetumia m-. Mtu akikuuliza kwa nini umemuita wengi utamshangaa, ni wazi umemsalimia yeye na wa nyumbani kwake, mume, watoto, mama mkwe aliyelala ndani. Mgeni akiondoka anaambiwa "karibuni tena" hata kama alikuja mwenyewe, maana yake uje na wenzio. Yule muuzaji wa Texas anafanya hicho hicho hasa, anamuaga mteja pamoja na watu wake ambao hawapo. Sijui kwa nini maelezo haya yanaonekana magumu kwa watu, mpe mama yeyote wa Tanga huo mjadala ataumaliza kabla chai haijapoa.

"Y'all" haikukaa kusini. Kati ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi kama milioni 6 waliuhama ubaguzi wa kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York, Los Angeles, na wakaondoka na lugha yao. Ndo maana ukienda Chicago upande wa kusini wa mji utaisikia, wakati Mzungu wa mtaa wa pili anasema "you guys". Siku hizi vijana wa kila rangi mpaka Canada wanaiokota, wengi wanaitoa mitandaoni na kwenye muziki, na sababu moja wanayoitaja ni kwamba haibagui jinsia.

Ukitaka kuona haya yote kwenye ramani, kazi ipo. Kamusi kubwa ya lahaja za Marekani iliyoongozwa na Frederic Cassidy ilituma watafiti kati ya 1965 na 1970 kwenye jamii 1,002 nchi nzima, wanalala kwenye magari yao waliyoyaita "Word Wagons", wanakaa vibarazani na wazee wakiwauliza maswali zaidi ya 1,600. Baadaye Bert Vaux na Scott Golder walifanya ya kwao kupitia intaneti wakapata watu zaidi ya 30,000, na mwaka 2013 Josh Katz aliichukua data hiyo akachora ramani, alafu akakusanya majibu mapya ya kwake, gazeti la New York Times likayaweka kama chemshabongo tarehe 21 Desemba, unajibu maswali 25 inakuambia unatokea wapi. Ndani ya siku kumi na moja zilizobaki ikawa ndo kitu kilichosomwa kuliko vyote walivyochapisha mwaka huo! Watu walilia mbele ya hiyo ramani jamani, mtu amehama kwao miaka 20 anajibu swali la "unawaitaje watu wawili au zaidi" na kompyuta inamtajia mji wa mama yake.

Upande mwingine wa bahari kuna njia tofauti kabisa. Watu waliotekwa Afrika Magharibi na kupelekwa Karibi hawakuhangaika kurekebisha "you", walileta neno kutoka nyumbani. Kiigbo "unu" ni nyinyi. Jamaika leo ni "unu", Barbados ni "wunna", Wagullah, Wamarekani Weusi wa visiwa vya South Carolina na Georgia, wanasema "oona" au "hunnuh", na Nigeria yenyewe kwenye Pijini, Kiingereza chao cha mtaani, ni "una", "una dey come?" yaani mnakuja? Wasomi wanataja na lugha nyingine za Afrika zilizochangia lakini Kiigbo ndo inayotajwa mbele. Ukifikiria mazingira waliyopitia hao watu, kila kitu kimenyang'anywa, jina, ndugu, dini, na bado neno la kuitana wengi limefika ng'ambo likiwa zima na linasemwa mpaka leo sokoni Kingston, mimi nikifika sehemu hii darasani huwa natulia kidogo.

Wahindi wa Afrika Kusini nao wana "y'all" yao, walianza kufika Natal mwaka 1860 kulima miwa, na Rajend Mesthrie wa chuo cha Cape Town ameionyesha kwenye tafiti zake. Hawajaitoa Texas. Ni shimo lilelile watu wengine wameliziba kwa tope linalofanana.

"You guys" nitaipita haraka kwa sababu mnaijua. Asili yake ni Guy Fawkes, yule wa njama ya baruti ya 1605 kulipua bunge la London. Kila tarehe 5 Novemba wanachoma sanamu lake, sanamu likaitwa "guy", alafu mtu yeyote aliyevaa ovyo akaitwa "guy", alafu Marekani ikawa mwanaume yeyote, na karne iliyopita "you guys" ikawa watu wote hata wakiwa wanawake watupu. Ndo inayotawala Marekani nje ya kusini. Wapo wanaoikataa kwa sababu ya huo uanaume wake na maofisi mengi wanahimiza "folks" au "everyone". Waingereza wana "you lot", hiyo tahadhari, inabeba kaukali kidogo, mwalimu anawafokea wanafunzi, usimwambie bosi wako na wageni wake.

Na kuna moja nawaomba wenzangu mnaoishi au kwenda Marekani muisikie vizuri. Sisi wa Afrika Mashariki tukikosa "nyinyi" ya Kiingereza wengi tunasema "you people", tunaitoa moja kwa moja kwenye "nyie watu", na kwetu haina ubaya wowote, shangazi anaingia na sinia anasema you people come and eat. Kule usiseme. "You people" kwa masikio ya Mmarekani, hasa Mweusi, ni kumtenga mtu, nyie watu wa aina yenu. Julai 1992 Ross Perot, tajiri aliyekuwa anautaka urais, alihutubia mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, mjini Nashville akawaambia wasikilizaji Weusi "you people", na ukumbi ukachafuka, na habari ikawa hiyo siku nzima, hotuba yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Sema "you all", sema "everybody", ukiwa Houston au Dallas sema "y'all" tu bila woga, hawatakucheka.

Kwenye ukalimani ndo haya yote yananibana kwa vitendo. Daktari anaongea na mama, pembeni wamekaa mume na watoto wawili, daktari anasema "you need to come back and get tested on Monday". Siwezi kufungua mdomo. Kiswahili kinanidai, urudi upimwe au mrudi mpimwe, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa, moja ni ugonjwa wa mama na nyingine ni ugonjwa unaoambukiza nyumba nzima, na nikikisia vibaya ama nawatia hofu watu wanne bure ama watatu wanabaki nyumbani Jumatatu bila kupimwa. Kwa hiyo nainua mkono namuuliza daktari, just her, or all of them? Wengi wanashtuka kidogo, wanatazama ile familia, alafu wanajibu. Daktari aliyekulia Alabama huwa hanipi kazi hiyo, anasema mwenyewe "all y'all", na mimi natafsiri moja kwa moja: nyote wanne, mrudi Jumatatu.